Kikombe cha mate na ugonjwa wa baridi yabisi

Ndugu wasikilizaji, tuanze na kikombe kidogo chenye mate ya mgonjwa wa baridi yabisi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kugeukia viungo. Maabara itakuta humo intalukini-6 na TNF-alfa, ambazo ni sitokini, yaani protini ndogo za kinga zinazochochea uvimbe, pamoja na kimeng'enya kiitwacho MMP-8, kinachokata nyuzi za kolajeni zinazolishikilia jino. Vikiwa juu, wengi hukimbilia kusema viungo vimechachamaa. Taratibu! MMP-8 iliyomo kwenye mate hutoka zaidi kwenye fizi, si kwenye goti.

Na fizi za wagonjwa hawa huugua kuliko za wengine. Bakteria Porphyromonas gingivalis, anayejificha mfukoni kati ya jino na ufizi, hugeuza ajinini, moja ya vijenzi vya protini, kuwa kijenzi kingine kiitwacho sitrulini. Kingamwili dhidi ya protini za namna hiyo ndizo tunazozipima kwenye damu ya wagonjwa hawa, na huweza kuonekana miaka kadhaa kabla kiungo hakijavimba. Kwamba bakteria huyo ndiye chanzo, hilo bado linabishaniwa.

Turudi kwenye kikombe. Mgonjwa asile, asinywe wala asipige mswaki kwa saa 1. Asukutue kwa maji, asubiri dakika 10, kisha ainamishe kichwa na kuacha mate yadondoke yenyewe kwa dakika 5. Pamba ya kunyonyea mate tuiache: baadhi ya sitokini hunasa humo, kipimo kikashuka bure. Kikombe kikae kwenye barafu. Mate yazungushwe kwenye mashine ili ute utengane, yagawanywe kwenye vichupa ili yasiyeyushwe na kugandishwa tena na tena, yahifadhiwe nyuzi 80 chini ya sifuri. Yakiwa na rangi ya waridi, mwaga. Hiyo ni damu, nayo ina sitokini zake.

Kosa baya kuliko yote ni kutopima kasi ya mate. Chini ya mililita 0.1 kwa dakika bila kutafuna kitu, kinywa hicho ni kikavu, na baadhi ya wagonjwa hawa wana pia ugonjwa wa Sjögren unaokausha tezi. Tuseme pikogramu 100 za protini hutoka kila dakika. Ndani ya mililita 0.4 utasoma 250 kwa mililita. Ndani ya 0.1 utasoma 1,000. Uvimbe ni uleule, maji ndiyo yamepungua.

Andika na dawa pia: methotreksati, dawa ya baridi yabisi, huweza kuleta vidonda mdomoni, na kidonda nacho kina sitokini. Kisha fizi zipimwe kwa kijiti chenye alama za milimita, sehemu 6 kila jino. Mfuko wa milimita 4 au zaidi unaotoa damu ukiguswa haupuuzwi, hata mate yaseme nini.

Nyumbani, vidole vilivyopinda havishiki mswaki mwembamba. Nenepesha mpini kwa sponji, au tumia mswaki wa umeme. Uzi wa kusafishia meno unataka vidole vya mikono yote miwili. Brashi ndogo ya katikati ya meno inataka viwili tu. Asubuhi vidole vikiwa vimekakamaa, usafi wa kina usubiri jioni.