Funza Ale Asishibe

ZUHURA: Kaka Bahati, wiki iliyopita ulisema maziwa yanaweza kumtia njaa funza wa vitumba huku anakula. Hebu lifungue hilo.

BAHATI: Tuanzie tumboni mwake, dada. Funza akitafuna kitumba cha pamba au nyanya, protini anayomeza ni mnyororo mrefu. Haimfai mpaka ikatwekatwe. Mmoja wa wakataji wake wakuu ni kimeng'enya kiitwacho tripsini, nacho hakikati ovyo: katika asidi amino, yaani vipingili vya mnyororo huo, kinatafuta mbili tu, laisini na ajinini. Sasa kipande kifupi cha protini kikiingia mdomoni mwa mkasi huo kikakwama, mkasi haufanyi kazi. Tumbo limejaa, mwili haupati kitu.

ZUHURA: Na kipande hicho ndicho kinatoka kwenye maziwa?

BAHATI: Kwenye kaseini, ambayo ni karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Inakatwakatwa maabara, kisha vipande vinapimwa dhidi ya majimaji ya tumbo la funza.

ZUHURA: Ngoja kidogo. Wanaofuga viwavi maabara si huwalisha kaseini hiyo hiyo?

BAHATI: Ndiyo! Kaseini nzima ni chakula kizuri kwao. Hata nguvu ya mikasi yao hupimwa kwa kaseini, maana inakatika kirahisi. Kinachozuia ni vipande fulani tu. Kwa hiyo msikilizaji, nakuomba sana, usimwage maziwa shambani ukidhani utaua funza. Wanaopuliza maziwa kwenye maboga wanapambana na ubwiri unga, na ule ni ukungu.

ZUHURA: Mimea yenyewe haina kinga ya namna hii?

BAHATI: Inayo. Mwaka 1972 watafiti Green na Ryan, kule jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba nyanya ikijeruhiwa na mbawakawa wa viazi hujaza vizuizi, yaani protini zinazokwamisha mikasi ya namna hii, hata kwenye majani ambayo hayajaguswa. Mwaka 1987 watafiti wa Durham, Uingereza, wakatoa jeni ya kizuizi cha kunde wakaitia kwenye tumbaku, ikastahimili viwavi.

ZUHURA: Basi mbona mkulima bado anapiga dawa kila wiki?

BAHATI: Funza ana mikasi mingi. Ukiziba huu, anatengeneza mwingine usioshikika. Ndiyo maana maziwa yananivutia: yanatoa vipande vya kila namna, huenda vikaziba midomo kadhaa kwa mpigo. Lakini vipande vyenyewe ni protini, vinaweza kukatwa kabla havijakwama. Halafu tumbo la funza huyu lina ukali kama wa magadi, pH, yaani kipimo cha uchachu na umagadi ambacho maji safi huwa 7, hufika 9 au hata 10. Kilichofaulu kwenye kichupa kinaweza kushindwa humo. Na mvua nayo itaviosha.

ZUHURA: Na sisi walaji? Tripsini si tunayo pia?

BAHATI: Tunayo. Maharage yana vizuizi vya aina hiyo, ila moto wa jikoni huvipunguza sana. Nyanya ya kachumbari haipiti motoni, dada. Kipande cha maziwa kipimwe kwanza dhidi ya tripsini yetu, ndipo kiingie kwenye bomba la mgongoni.