Injili Isiyo na Msalaba, Filamu Iliyojaa Misumari

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa sanaa, na ndugu zangu wa Bagamoyo mliofika jioni hii,

Filamu niliyoombwa kuizungumzia ni Stigmata, iliyotoka Marekani mwaka 1999 na kuongozwa na Rupert Wainwright. Katika mji kama huu wetu, wenye misheni ya Kikatoliki tangu mwaka 1868 na magofu ya msikiti wa Kaole ya zamani zaidi ya hapo, dini si pambo la kutishia watu. Ndiyo maana nasema kwamba filamu hii ilishika jambo zito, kisha ikalitupa njiani.

Kisa kinaanza vizuri. Frankie Paige, msusi wa Pittsburgh asiyeamini Mungu, anatumiwa na mama yake rozari iliyoibwa kwenye maiti ya padri huko Brazili. Akiwa anaoga, misumari inamtoboa vifundo vya mikono. Baadaye, ndani ya treni, anachapwa mijeledi na mkono usioonekana. Roma inamtuma Padri Andrew Kiernan, mwanasayansi, naye anatatizika, kwa sababu madonda hayo, yanayofanana na ya Yesu msalabani na kuitwa stigmata, tangu yale ya Fransisko wa Asizi mwaka 1224, husimuliwa kuwa huwashukia wacha Mungu waliozama katika sala. Kwa nini basi yamshukie huyu? Swali hilo peke yake lingetosha filamu nzima, na Patricia Arquette anaiigiza hofu ya Frankie kwa namna inayoonyesha kwamba angelimudu. Lakini mwongozaji, aliyewahi kutengeneza video za muziki, anatupa mishumaa, matone ya maji na picha zinazokatwakatwa hata jicho linachoka.

Roho iliyompanda Frankie ni ya yule padri marehemu, mtu mwema, ila inamrusha na kumtesa kama pepo mchafu. Hapa pwani hata mtoto anajua kwamba pepo akipanda kichwani huulizwa jina lake na anachotaka (wala sisifu upungaji, maana naona mashehe na mapadri humu ukumbini). Kiernan anakuja kupatana na roho hiyo mwisho kabisa, moto ukiwa umekwisha kuwaka.

Kasoro kubwa zaidi imo katika ujumbe wenyewe ambao roho hiyo inauleta kupitia Frankie, na ambao filamu inauegemeza kwenye Injili ya Tomaso. Maandishi hayo, yaliyopatikana kamili kwa Kikopti karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, ni mkusanyo wa maneno 114 anayonasibishwa nayo Yesu, na hayasimulii kusulubiwa kwake hata kidogo. Ujumbe usio na msalaba unaletwaje kwa misumari na taji la miiba? Aliyeandika filamu hakuliona hilo, au aliliona akalinyamazia.

Mwishoni tunasomeshwa maandishi yanayotuacha tukidhani Vatikani imeuficha ukweli. Tafsiri za Injili hiyo zinachapishwa tangu mwaka 1959, kwa hiyo Kardinali Houseman, anayefikia kumkaba koo Frankie ili maneno yasisikike, analinda siri iliyokwisha kuuzwa madukani kwa miaka 40. Kanisa la kale liliyaacha maandishi hayo nje ya Biblia kwa sababu zinazojadilika mpaka leo, na mjadala huo ungempa Houseman hoja ya kutetea badala ya shingo ya kukaba.