Mshale wa Oili Ukilala

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya geji ya presha ya oili, ile saa ya dashibodi yenye mshale. Magari ya zamani ni mengi, kwa hiyo nitashika moja ninalolijua kuliko mengine yote: Land Cruiser za zamani, zile za toleo la 60 na toleo la 70, ambazo huku kwetu bado zinabeba watu, maiti, mahindi na wagonjwa kila siku.

Nianze na mzee mmoja. Gari lake, la injini ya 1HZ, lililetwa kwangu likivutwa kwa kamba. Mshale wa oili ulikuwa umelala chini kabisa. Gereji ya kwanza walimwambia metali zimekwisha, yaani vile vipande laini ambavyo krenki, mhimili mkuu wa injini, inazungukia ndani yake. Wakashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, wakabadili metali, wakabadili pampu ya oili, wakafunga. Mshale ukabaki palepale. Wakamwambia sasa ni krenki. Mzee alikuwa ameshauza ng'ombe wanne kwa ajili ya kazi ile.

Nilichokikuta ni hiki: waya unaotoka kwenye senda, kile kifaa kwenye injini kinachoipelekea geji habari ya presha, pale unapoingia kwenye kikofia chake cha plastiki, ulikuwa umeota ukijani. Kwa nje plastiki nzima, waya mzima. Nilipouvuta kidogo kwa vidole viwili, ukakatika ukaacha unga wa kijani mkononi mwangu. Kazi ya robo saa. Ng'ombe hawakurudi. Tangu siku ile, kijana akiniambia "injini hii haina presha" namuuliza swali moja tu: umepima, au umeambiwa na mshale?

Maana mshale ni shahidi. Shahidi anaweza kusema kweli, anaweza kusema uongo, na mara nyingine amelala usingizi. Kumfunga mtu kwa neno la shahidi mmoja ambaye hukumhoji si haki, na kuifungua injini kwa neno la mshale peke yake ni vilevile.

Sasa tuelewane presha yenyewe ni nini. Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha inazaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi ya metali, nafasi nyembamba kama unywele au pungufu yake. Nafasi ikitanuka kwa kuchakaa, oili inapita bila kubanwa na presha inashuka. Oili ikiwa nyepesi kwa joto, presha inashuka pia. Ndiyo maana gari lililowashwa asubuhi mshale unapanda juu, na likitoka kwenye mlima mkali jua la mchana unashuka. Hilo si ugonjwa.

Jambo la kwanza kabisa, mshale ukilala au taa ya oili ikiwaka njiani: zima injini. Usiseme nifike pale mbele. Weka gari pembeni, subiri oili ishuke chini, chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena uisome. Inuse pia. Oili yenye harufu ya dizeli imechanganyika na mafuta, na hiyo haina nguvu ya kuzaa presha. Chungulia chini ya gari uone kama inavuja. Na ujiulize, kabla hujazima ulisikia injini inagonga? Injini isiyo na oili hailii kimyakimya.

Ukishaona oili ipo, safi, haivuji, injini haikugonga, hapo ndipo shaka inaanza kuhamia kwenye geji. Inaanza kuhamia tu. Haijafika.

Angalia mishale mingine. Ikiwa mshale wa mafuta, wa joto na wa oili vyote vimelala kwa pamoja, injini usiiguse. Nenda kwenye fyuzi ya geji, kisha kwenye ethi ya dashibodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Haiwezekani tangi liishiwe dizeli, injini ipoe na oili ikauke katika dakika ile ile moja.

Ukiwa ni mshale wa oili peke yake, hapa ndipo fundi anapojulikana. Fungua senda kwenye bloku, yaani mwili wa injini, funga mahali pake geji ya mkono, ile ya mpira na saa yake ya duara, isiyohitaji umeme. Ndani yake kuna bomba dogo lililopinda, oili ikiingia linajinyoosha na kusukuma mshale. Aliyelibuni ni Mfaransa, Eugène Bourdon, mwaka 1849, na mpaka leo sijaona kitu cha kuaminika zaidi.

Tahadhari ya nyuzi. Senda ya Toyota ina nyuzi za Kiingereza, 28 kwa inchi. Adapta nyingi zinazouzwa ni za Kimarekani, nyuzi 27. Ukiziweka mkononi zinafanana kabisa. Inaingia mizunguko miwili kwa ulaini, halafu inakaza. Mwenye haraka anaongeza nguvu ya spana, na tundu la bloku linaharibika. Ikikaza mapema, simama, itoe, uhesabu nyuzi.

Washa injini, iache ipate moto wake wa kawaida, ndipo usome. Kwa injini ya 1HZ, ikiwa imetulia bila kukanyaga mafuta, kiwango cha chini kinachokubalika ni kilo 0.3 kwa sentimita mraba, yaani psi (ratili kwa inchi mraba) 4 na kidogo. Najua wengi mnashtuka. Nimeona vijana wakisoma 0.6 na kuanza kuandaa winchi ya kutolea injini! Ukifika mizunguko 3000 kwa dakika, inatakiwa 2.5 hadi 6, yaani psi 36 hadi 85. Ukipata hizo, injini ni nzima na hakuna atakayekulaumu. Ukikosa, basi mshale ulikuwa unasema kweli: badili oili na filta kwanza, kagua vali ya kupunguzia presha, kagua chujio la kwenye sampo, na metali ziwe za mwisho.

Tuseme presha ipo. Nani mbovu: geji, waya, au senda? Geji ya Land Cruiser hizi ina kipande cha madini mawili yaliyounganishwa, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita kinapata moto, kinapinda, kinasukuma mshale. Ndiyo maana mshale wake hauruki, unainuka taratibu kama mtu mzima anavyoinuka kwenye mkeka. Na senda ina ngozi ya bati inayosukumwa na oili, inagusanisha na kuachanisha umeme, kama mtu anayebisha hodi. Presha ikiwa kubwa, mgusano unakaa zaidi. Kwa hiyo ukiweka mita ya omu, ile ya kupima ukinzani wa umeme, kwenye senda ya namna hii injini ikiwa imezimwa, itakuonyesha kumekatika, na wewe utaitupa jalalani senda isiyo na kosa.

Tumia balbu ndogo ya wati 3.4, ya kwenye dashibodi. Chomoa waya wa senda, fungua swichi bila kuwasha injini. Mshale ulale chini. Sasa upeleke waya ule kwenye ethi kupitia balbu. Balbu iwake, mshale upande. Usiugusishe moja kwa moja kwenye bloku, utaunguza geji na hapo utakuwa umeleta ugonjwa ambao haukuwepo. Mshale ukipanda, geji na waya ni wazima. Usipopanda, rudia jaribio lile lile nyuma ya dashibodi, utajua ni waya au ni geji. Kisha senda yenyewe: balbu kutoka chanya ya betri hadi kichwa cha senda. Injini imezimwa, isiwake. Injini inanguruma, iwe inawaka na kuzima, kukonyezakonyeza, na ukipiga resi ukonyezaji ubadilike. Isipokonyeza, senda imekufa.

Mambo mawili kwenye kufunga senda mpya. Senda yenye waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi zake. Ukiizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tano, umeinyima ethi, na mshale utalala tena. Pili, senda iendane na geji. Ziko za Ulaya zinazoanza na omu 10 presha ikiwa sifuri, zinapanda kuelekea 180. Ziko za Kimarekani zinazoanza na 240, zinashuka hadi 33. Ukichanganya hizo, unapiga resi mshale unashuka. Nimeona mtu amezunguka Kariakoo siku mbili akinunua pampu, na kosa lake lilikuwa senda aliyouziwa wiki moja kabla.

Nisisahau upande wa pili, kwa kuwa unaniuma zaidi. Dereva mmoja aliambiwa "geji za magari haya ndivyo zilivyo, endelea tu." Hakuna aliyefunga geji ya mkono. Alienda kilomita zisizofika 60, injini ikanoki, abiria wakalala porini na watoto. Kusema geji ni mbovu ni hukumu kama hukumu nyingine. Nayo inataka kipimo.

Gari liko nje chini ya mwembe, nimeliwasha tangu saa tatu ili lipate moto. Senda yake sijaigusa. Geji ya mkono na balbu viko kwenye boneti. Nataka vijana wawili ambao hawajawahi kufanya kazi hii, waje mbele, wengine wazunguke upande wa kushoto muone.