Mbegu Hujitengenezea Protini Yake

Wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo. Kila mmoja amepewa ganda la mbaazi mbichi. Lipasueni taratibu. Mnaona kila punje imeshikwa na kikonyo kidogo ukingoni? Chakula chote cha punje hupita hapo. Lakini protini haiji ikiwa tayari. Punje huijenga yenyewe kwa kuunganisha asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, ambavyo viko aina 20.

Kila asidi amino ina nitrojeni ndani yake. Nitrojeni hiyo hutoka wapi? Mbaazi na kunde zina vinundu mizizini, na bakteria waliomo hunasa nitrojeni ya hewani. Sehemu nyingine hutoka kwenye majani. Maganda yakianza kujaa, majani ya chini hugeuka manjano, na wengi hudhani ni ugonjwa. Mara nyingi ni mmea unaovunja protini za majani yake na kupeleka nitrojeni kwenye punje, hasa ikiwa ndani ya asidi amino mbili, glutamini na asparajini. Ndiyo maana naumia nikiona wadudu wameachwa wale majani wakati huo.

Sasa menyeni punje moja. Mirija ya chakula huishia kwenye gamba hili. Haiingii katika kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya punje. Asidi amino hutolewa nje ya gamba, kisha kiinitete huzivuta chenyewe, kwa protini maalumu zilizo kwenye utando wa seli zake. Mimi hili hunistaajabisha kila mara. Humo ndani vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, huvunja asparajini, na nitrojeni yake hutengenezewa asidi amino nyingine.

Laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili wetu hauwezi kujitengenezea, ina breki yake ndani ya mmea. Ikizidi, huzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wake, na ziada huvunjwa. Kwenye mahindi tatizo la uhaba wa laisini ni kubwa zaidi, kwa sababu zeini, protini kuu ya punje, karibu haina laisini kabisa. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza mahindi yenye badiliko la jeni, opeki-2, ambayo laisini yake ilikuwa takribani maradufu. Zeini ilikuwa imepungua, protini nyingine zikashika nafasi yake. Ila punje zilikuwa laini, zikiliwa na wadudu ghalani. Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wakiwa Meksiko, waliziimarisha, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000.

Turudi kwetu. Ufuta, ambao pamoja na karanga umefanyiwa utafiti miaka mingi hapo Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Mtwara, una laisini kidogo lakini methionini nyingi, asidi amino nyingine ambayo lazima tuipate kwenye chakula. Mbaazi na kunde ni kinyume chake. Ugali wa muhogo una protini haba mno, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye mboga. Ukiunga kunde kwa ufuta uliotwangwa, mtoto anapata laisini na methionini katika sahani moja. Najua wengi huunga kwa karanga, na ni tamu. Lakini karanga ni ya jamii ya kunde, na methionini yake nayo ni kidogo.