Kadi moja kwa kila dawati

MWALIMU: Karibuni tena. Mimi nafundisha Hisabati darasa la tano, mwenzangu ni fundi wa kompyuta. Leo ni majaribio ya mtandaoni, na naanza na lawama.

FUNDI: Haya dada, tema.

MWALIMU: Kila semina tunaonyeshwa Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni. Muziki unalia, kila mtu na simu yake, tunacheka. Narudi darasani nina watoto 72, hakuna hata mmoja mwenye simu.

FUNDI: Hapo kweli imekwama. Kahoot swali linakaa kwenye skrini kubwa, mwanafunzi anabonyeza rangi kwenye kifaa chake. Kifaa kisipokuwepo, hakuna mchezo.

MWALIMU: Halafu anayewahi ndiye anayevuna alama. Mimi kwenye mada ya sehemu, zile nusu na theluthi, sitaki anayewahi, namtaka anayefikiri.

FUNDI: Una kifaa gani lakini?

MWALIMU: Kishikwambi. Si vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu?

FUNDI: Kina kamera, basi kinatosha. Kuna programu inaitwa Plickers. Mwanafunzi hashiki kifaa, anashika karatasi yenye mchoro mweusi wa mraba. Upande mmoja ni A, mwingine B, vivyo hivyo mpaka D. Anaizungusha, jibu lake likae juu, anainua. Wewe unapitisha kamera darasani, majibu yanasomeka. Herufi zimeandikwa ndogo pembeni, kwa hiyo jirani hawezi kuchungulia.

MWALIMU: Nimeijaribu wiki tatu sasa. Kadi za kawaida ni 40, nikawaza hawa wengine watainua nini? Nikatoa kadi moja kwa kila dawati. Watoto watatu, kadi moja, madawati 24.

FUNDI: Si watagombana?

MWALIMU: Ndicho ninachotaka! Huyu anasema B, yule anasema A, inabidi mmoja amweleze mwenzake. Kelele ile ni somo.

FUNDI: Ulizichapa wapi?

MWALIMU: Steshenari. Na hapo nilipata aibu. Nilifungua baruapepe kwenye kompyuta yao, nikapakua faili la PDF, nikachapa, nikalipa, nikaondoka. Nimefika nyumbani nakumbuka sijatoka kwenye akaunti.

FUNDI: Astaghafiru. Walimu wengi hao. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti, jamani. Bonyeza picha yako pale juu, chagua kutoka, ndipo uondoke. Ukisahau, badilisha nywila siku hiyohiyo. Lakini bora zaidi, beba faili kwenye flashi, usifungue baruapepe kabisa.

MWALIMU: Flashi yenye virusi vya steshenari?

FUNDI: (anacheka) Kwa hiyo weka humo PDF tu, kazi zako nyingine zisikae. Na kadi usizipitishie plastiki inayong'aa. Mwanga ukigonga, kamera haisomi.

MWALIMU: Sawa. Ila Fundi, kadi ni rahisi. Kilichonila usiku mzima ni kutunga majibu ya uongo.

FUNDI: Ya uongo vipi?

MWALIMU: Chukua nusu jumlisha theluthi. Jibu ni 5/6. Zamani hayo mengine matatu ningeandika namba zozote tu, mtoto asilipate kirahisi basi. Sasa kila jibu baya naliwekea kosa lake. 2/5 ni ya yule aliyejumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, namba za chini. 2/6 ni ya aliyepata asili 6 vizuri, akasahau kubadilisha kiasi. 1/6 huyo amezidisha.

FUNDI: Kwa hiyo kadi ikiinuka unajua kichwani kuna nini.

MWALIMU: Najua na dawati lipi. Mara ya kwanza madawati 13 yaliinua 2/5. Na nilikuwa nimepanga kuendelea na kutoa!

FUNDI: Ukafanyaje?

MWALIMU: Nikatoa chungwa. Nikakata nusu, nikampa mtoto mmoja. Nikamwambia nakuongezea theluthi ya chungwa jingine, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Darasa zima: zaidi! Haya, 2/5 ni zaidi ya nusu? Kimya. Halafu mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, tumeibiwa chungwa."

FUNDI: (anacheka sana) Huyo mpe kazi benki.

MWALIMU: Na sekondari, ambako kuna maabara ya kompyuta?

FUNDI: Google Forms, fomu za maswali za mtandaoni. Unaingia kwenye mipangilio, unaifanya fomu iwe jaribio, unaweka majibu sahihi, inasahihisha yenyewe na matokeo unayapeleka kwenye lahajedwali, yaani spreadsheet. Angalia maswali ya kujaza tu. Ukiweka jibu "Dodoma", mtoto akaandika "Jiji la Dodoma", amekosa. Ongeza kila namna ya jibu unayoikubali, au pitia kwa jicho lako.

MWALIMU: Maswali yangu mimi nayaandika kwanza kwenye Word.

FUNDI: Vizuri, mtandao ukikatika hayapotei. Faili umeliitaje?

MWALIMU: ...Jaribio mpya mpya 2.

FUNDI: Dada!

MWALIMU: Sasa niliiteje?

FUNDI: Darasa, somo, mada, tarehe. "Std5 Hisabati Sehemu", halafu mwaka, mwezi, siku. Mwakani muhula kama huu utalipata ndani ya dakika moja.

MWALIMU: Ngoja nikabadilishe. Na ile "mpya mpya 1" nifute?

FUNDI: Ifungue kwanza uone kilichomo.