Mgombea Mwenza: Swali Tunalolisahau Tunapotabiri

Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, vijana mliojaa huko nyuma hadi mlangoni, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo Mombasa inalizungumza kila siku bila kuombwa: nani atakuwa mgombea mwenza wa nani mwaka 2027. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti mwaka huo, na kwenye maskani, kwenye matatu na kwenye redio zetu za Pwani majina yameshapangwa zamani. Rais William Ruto atabaki na naibu wake, Kithure Kindiki, au atatafuta mwingine? Upinzani ukikubaliana juu ya mgombea mmoja, wa pili atatoka wapi? Mimi nami hutabiri, na jioni hii nitatabiri. Lakini kwanza niseme kwa nini naamini utabiri wetu una kasoro, tena kasoro iliyokwisha kutugharimu.

Sheria yenyewe ni fupi. Ibara ya 148 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kila mgombea urais atamteua mtu mmoja anayestahili kuchaguliwa kuwa rais, awe ndiye naibu wake iwapo atashinda. Hakuna mchujo wa chama kwa nafasi hiyo. Hakuna kura ya wajumbe. Mtu mmoja anakaa na washauri wake, anaamua, jina linapelekwa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, limekwisha. Halafu ibara ya 146 inasema rais akifariki, akijiuzulu au akiondolewa, naibu wake anakuwa rais kwa muda wote uliosalia. Haitishwi kura nyingine. Kwa hiyo pale kituoni, unapotia alama mara moja kwenye karatasi ya urais, unachagua marais wawili: wa leo, na wa siku ambayo hatuiombei.

Zamani haikuwa hivi. Rais alimteua makamu kutoka miongoni mwa wabunge na kumfuta alipotaka. Baada ya uchaguzi wa 1997, Rais Moi aliiacha nafasi hiyo wazi kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi alipomrudisha George Saitoti Aprili 1999. Leo rais hana uwezo huo. Baada ya salamu za maridhiano za Machi 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, Uhuru na naibu wake hawakuwa wakiiva chungu kimoja, lakini Ruto alikaa ofisini mpaka mwisho wa muhula, kwa sababu hakuna barua ya kumfuta kazi naibu wa rais. Ni Bunge la Taifa na Seneti tu, kwa theluthi mbili kila moja.

Sasa nendeni nami hadi Mei 2022, kwa sababu wiki ile ina kila kitu.

IEBC ilikuwa imesogeza mbele siku ya mwisho ya kuwasilisha majina hadi tarehe 16 Mei, Jumatatu. Jumamosi, viongozi wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walikusanyika nyumbani kwake, Karen, Nairobi. Iliripotiwa sana kwamba wabunge wengi wa muungano walimtaka Profesa Kindiki, seneta wa Tharaka Nithi, mwalimu wa sheria, mtu mpole wa kauli. Mazungumzo yalichukua saa nyingi hadi usiku. Jumapili jina lililotangazwa lilikuwa la Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira, aliyekuwa bungeni kwa muhula wake wa kwanza. Kindiki akatangaza kwamba anapumzika siasa za uchaguzi na hatachukua wadhifa wa kuteuliwa. Baadaye mwaka huohuo akawa Waziri wa Usalama wa Ndani.

Upande wa Azimio, muungano wa Raila, walikuwa wameunda jopo la kuwasaili waliotaka nafasi hiyo. Kalonzo Musyoka, aliyekuwa mgombea mwenza wa Raila mwaka 2013 na tena 2017, kwanza alikataa kata kata kusailiwa, kisha akaenda. Jumatatu, Raila akamtangaza Martha Karua pale KICC. Siku hiyohiyo Kalonzo akajitangaza mgombea urais, akakaa nje ya muungano wiki mbili na ushei, kisha akarudi.

Kwa nini Gachagua? Kwa nini Karua? Wote wawili wanatoka Mlima Kenya, na mwaka ule Mlima haukuwa na mgombea mkubwa wa urais. Kura zake zilikuwa sokoni. Kaunti ya Kiambu peke yake ilikuwa na zaidi ya wapiga kura milioni 1.2 kwenye daftari, na ukikusanya kaunti zetu sita za Pwani hupati milioni 2. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, tofauti ya kura kama 233,000 nchi nzima. Kwa tofauti hiyo, mtu anayeweza kuhakikisha kuwa ngome moja haiponyoki ni dhahabu. Nawaelewa kabisa waliopiga hesabu hiyo. Karua hakuweza kuugeuza Mlima, hata Kirinyaga kwake Ruto alishinda kwa wingi mkubwa, lakini hesabu iliyomleta ilikuwa ileile.

Hapa ndipo pananiuma. Tulipokuwa tukitabiri, sisi sote, magazeti na maskani, tuliuliza swali moja: huyu ataleta kura ngapi? Basi tukapata majibu ya swali hilo. Gachagua alipoingia ofisini alizungumza waziwazi kwamba serikali ni kama kampuni yenye wenye hisa, na kwamba waliopiga kura nyingi zaidi ndio wenye haki zaidi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu Mkenya wa Lamu aliyempigia kura Raila, au asiyepiga kabisa, ni raia kamili. Kauli hiyo ikawa miongoni mwa tuhuma za kumwondoa. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumng'oa, na tarehe 17 Seneti ikamwondoa kwa tuhuma tano kati ya kumi na moja. Lakini jiulizeni: mtu aliyeitwa mezani kwa sababu ya hisa, atajifunzia wapi lugha nyingine? Hakuna aliyemsaili kabla kuhusu namna atakavyoongoza watu wasiotoka kwao. Alipimwa kwa kura za Mlima, akaongoza kama mtu wa Mlima. Lawama ile si yake peke yake. Ni ya utaratibu wa kumchagua, na sisi tulioshangilia utabiri tumo.

Na aliyeapishwa mahali pake tarehe 1 Novemba 2024 ni nani? Ni Kindiki yuleyule wa Karen. Nchi ilizunguka miaka miwili na nusu, ikapita Bunge, Seneti na mahakama, ikarudi kwenye jina lililokuwa mezani Jumamosi ile.

Wazee mlio hapa mnakumbuka kwamba jambo hili la mtu wa pili lilishatukaribia sana hapa mjini. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa wakubwa lilianza kampeni, wakafanya mkutano Nakuru, wakitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asikalie kiti kwa siku 90 rais akifariki. Walimlenga Moi. Hawakumwona kuwa mtu wa kiti hicho, na walitaka njia ifungwe mapema. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alizima mjadala Oktoba mwaka huo kwa kuwakumbusha kwamba kuwazia kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Tarehe 22 Agosti 1978, kabla ya mapambazuko, Mzee Kenyatta akafariki hapa hapa Mombasa. Moi akaapishwa Nairobi siku hiyohiyo. Waliomwona kuwa mpita njia walimwona akikaa miaka 24.

Mtu yeyote anayeniambia kuwa mgombea mwenza ni pambo la tiketi, namrudisha kwenye siku hiyo. Moi alikuwa makamu tangu 1967. Miaka kumi na moja nchi ilikuwa naye, na bado haikukaa chini ikajiuliza atatawala vipi. Mwaka 1976 hata kuuliza kulikatazwa. Leo hakukatazwi, lakini hatuulizi.

Tazameni jirani. Watanzania sheria imewapunguzia kazi ya kutabiri: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu lazima atoke upande wa pili, na wote wawili wapendekezwe na chama kimoja. Ndiyo maana mwaka 2015, Edward Lowassa aliposimama kwa CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, Juma Duni Haji wa CUF ilimbidi ahamie CHADEMA ndipo awe mgombea mwenza. Mwaka huohuo CCM ilimweka Samia Suluhu Hassan pamoja na John Magufuli. Mazungumzo mengi yalikuwa juu ya Uzanzibari wake na kwamba ni mwanamke. Rekodi yake ya kazi, kwa mfano umakamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, ilikuwepo wazi kwa yeyote aliyetaka kuipima. Machi 17, 2021 Magufuli akafariki. Machi 19 Samia akala kiapo, na maamuzi yote ya nchi ile yakawa yake, kwa waliompenda na wasiompenda.

Kuna tukio jingine la Tanzania ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 2005 mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura. Uchaguzi wa rais wa Muungano, uliopangwa tarehe 30 Oktoba, ukaahirishwa hadi tarehe 14 Desemba. Sheria yao ilimpa mtu wa pili, tena wa chama cha upinzani, uzito wa kusimamisha uchaguzi wa nchi nzima. Sisi wapiga kura hatujampa hata nusu ya uzito huo.

Dada mmoja hapa mbele ameniletea kikaratasi: "Na Pwani lini?" Nitajibu bila kuzunguka.

Tangu Jaramogi Oginga Odinga hadi Kindiki, Kenya imekuwa na makamu na manaibu wa rais kumi na watatu. Hakuna hata mmoja wa Pwani. Kila msimu jina letu hutajwa. Mwaka 2022 lilikuwa la Hassan Joho, na safari hii linatajwa tena. Mwaka ule aliishia kuahidiwa wizara. Mjue jinsi wanavyotuhesabu kule Nairobi: hawaangalii daftari tu, wanaangalia waliojitokeza. Mwaka 2022 nchi nzima ilipiga kura kwa takriban asilimia 65. Kaunti ya Mombasa haikufika nusu. Mtu anayetafuta kura 233,000 akiona kaunti ambayo zaidi ya nusu ya waliojiandikisha walibaki nyumbani, anapita. Inaniumiza kusema hivi mbele yenu, kwa sababu najua kwa nini watu hawakutoka: ahadi za ardhi zisizotimia, kazi za bandari, vitambulisho vinavyocheleweshwa. Lakini kukaa nyumbani hakujaleta hatimiliki hata moja.

Naongeza neno. Siku tutakapopata nafasi hiyo, sitaki tuipate kwa sababu ni zamu ya Pwani. Nataka apelekwe mtu ambaye akiapishwa ghafla usiku, Turkana na Kisii walale salama. Tukidai kwa zamu tu, tutakuwa tumeomba hisa na sisi.

Haya, utabiri niliowaahidi. Wa kwanza: hakuna mrengo mkubwa utakaotangaza mapema. Jina likitoka, waliokosa huanza kuhesabu njia za kutokea, kama alivyofanya Kalonzo, kwa hiyo mtaona tena majina yakitoka siku mbili tatu kabla ya IEBC kufunga. Wa pili: Kindiki atakuwa jina la kwanza upande wa serikali hadi dakika hizo za mwisho, lakini hatahakikishiwa. Tangu Raila afariki Oktoba 2025, kura zilizokuwa zake ndizo zinazotafutwa kama zilivyotafutwa za Mlima mwaka 2022, na kila atakayedai kuzishika atataka kiti cha pili. Wa tatu: upinzani utapata taabu zaidi, kwa sababu wengi wao wamewahi kugombea urais au kuwa wagombea wenza, na mtu wa namna hiyo hakubali kirahisi kuwa wa pili. Huo ni utabiri wangu. Naweza kukosea jina, lakini mwendo wake nadhani ndio huo.

Jambo moja tunaweza kulibadilisha sisi wenyewe. Tarehe 19 Julai 2022 Gachagua na Karua walikutana kwenye mdahalo wa wagombea wenza, Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Nairobi. Ulikuwa usiku mmoja tu, wiki tatu kabla ya kura. Safari hii vyombo vya habari, misikiti, makanisa na vyama vya vijana vya hapa viwadai wagombea wenza waje Mombasa, na wasiulizwe tena kuhusu wakubwa wao. Waulizwe hivi: ukiapishwa kesho asubuhi, ni waziri gani utamwondoa kwanza, na kwa nini? Deni la taifa utalilipa kwa kukata nini? Hati za ardhi za Kilifi na Kwale zitaanza kutolewa mwezi gani? Na rais akikutaka utie saini jambo unaloliona ni kinyume cha Katiba, utamwambia nini? Anayejibu kwa kusema "bosi wangu ameshalieleza" tumwandike kwenye daftari letu kuwa hajajibu, na tumwite mara ya pili.