Mzigo wa Magari Safi Uko kwa Mtengenezaji

Mabibi na mabwana, wako wanaosema California inawalazimisha watu kununua magari ya umeme. Sivyo. Tangu mwaka 1990, Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo hilo ilipotunga kanuni ya magari yasiyotoa moshi, anayebanwa ni mtengenezaji. Mwenye gari kuukuu la petroli anaendelea nalo.

Kanuni ya kwanza ilitaka asilimia 2 ya magari mapya ya makampuni makubwa yawe safi ifikapo 1998, na asilimia 10 ifikapo 2003. Makampuni yakalalamika kwamba betri bado. Mwaka 1996 bodi ikalifuta sharti la 1998, na kwa maoni yangu ililegea mapema mno, maana mwaka huohuo General Motors ilianza kukodisha gari lake la umeme, EV1.

Kilichoipa kanuni meno ni alama. Kila gari safi humpa mtengenezaji alama, naye hudaiwa idadi inayolingana na mauzo yake jimboni. Akipungukiwa, hununua kwa aliyezidisha. Yaani anayezembea anamlipa mshindani wake! Tesla ilivuna fedha nyingi kwa njia hiyo ilipokuwa bado changa, na fedha hizo hazikutoka hazina ya umma. Naipenda sana sehemu hii ya kanuni, kwa sababu uzembe unageuka gharama, na gharama hiyo inamlea anayejaribu.

Lakini jimbo halijitoshelezi. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani huyazuia majimbo kujiwekea viwango vya moshi wa magari mapya. California pekee, iliyotangulia kupambana na moshi uliotanda Los Angeles, ndiyo yenye haki ya kuomba ruhusa maalumu ya serikali kuu. Majimbo mengine, kama New York, huweza kufuata viwango vyake bila kuvibadili.

Mwaka 2022 bodi ilipandisha kiwango: magari safi yawe asilimia 35 ya magari mapya ya toleo la 2026, hadi asilimia 100 mwaka 2035, ikiwamo sehemu ndogo ya magari mseto ya kuchajiwa, yaani yenye betri pamoja na injini ya petroli. Ruhusa ilitolewa Desemba 2024. Juni 2025 Rais Donald Trump akatia saini azimio la Bunge la kuifuta, na California ikafungua kesi siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ninapoumia. Gari jipya huchukua miaka kuandaliwa. Mhandisi anayechora la 2030 anataka kujua leo atadaiwa nini, na hana wa kumjibu.